Tuwekeeni daftari Kiunga

Barua ya wazi kwa Waziri wa Usalama wa Ndani, Waziri wa masuala ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, wakuu wa ushuru na uhamiaji, Gavana wa Lamu, na wenzenu wa upande wa pili, Mogadishu na Kismayu.

Waheshimiwa,

Assalaam aleikum. Nawaandikia nikiwa Langoni, mjini Amu, yaani Lamu, lakini maneno haya nimeyabeba kutoka Kiunga. Huko ndiko nilikozaliwa, huko ndiko ninakonunua kamba na pweza, na huko ndiko alikozikwa mama yangu. Ambaye hajafika aelewe: ukifuata pwani ya Kenya kwenda kaskazini, Kiunga ndio mji wa mwisho. Ukiupita unakuta Ishakani, kisha mpaka, kisha Ras Kamboni, ambayo wazee wetu waliiita Kiamboni na sisi twaiita hivyo hadi leo tukiwa wenyewe kwa wenyewe.

Tarehe 15 Mei 2023 serikali za Kenya na Somalia zilikaa Nairobi zikatangaza kwamba mpaka uliofungwa tangu 2011 utafunguliwa kwa awamu. Mandera ndani ya siku 30, Liboi ndani ya siku 60, Kiunga na Ras Kamboni ndani ya siku 90. Habari ilinikuta kwenye gati la Mokowe nikingoja mizigo ishushwe. Nilihesabu kwa vidole mara mbili, nikaangukia katikati ya Agosti. Kisha mwezi wa sita watu wakauawa kwa mashambulizi ya Al-Shabaab, wengine wao hapahapa Lamu Magharibi, na mapema Julai tukaambiwa ufunguzi umeahirishwa. Siku ile sikulalamika. Hakuna biashara ya kamba inayolingana na roho ya mtu, na maiti zile zilikuwa za majirani zetu. Nililolisubiri ni neno la pili: umeahirishwa hadi lini, hadi litimie jambo gani. Neno hilo halijafika Kiunga.

Kwa hiyo nasema mimi. Mpaka wa Kiunga haujafungwa, waheshimiwa. Umefungwa kwa mtu anayetaka kuandikwa jina. Aliye tayari kusimama mchana, akafunua mzigo wake na kulipa ushuru, huyo ndiye asiye na mahali pa kusimama. Asiyetaka kuonekana njia anayo, na amekuwa nayo miaka yote hii.

Nitawaeleza kwa kazi yangu, kwa sababu ndiyo niijuayo.

Kamba mawe anavuliwa kwa kuzamia. Mzamiaji wa Kibajuni, yaani wa watu wetu wa pwani hii, hushuka na pweza aliyefungwa kwenye kijiti. Kamba aliyejificha pangoni akimwona pweza hukurupuka, maana huyo ndiye adui yake, na akitoka nje anakutana na wavu. Kamba akiwa hai ana bei. Akifa, bei huanguka palepale. Kazi yote baada ya hapo ni kukimbizana na saa. Unampanga kwenye tenga mkia ukiwa umekunjwa, unamfunika kwa magunia yaliyoloweshwa maji ya bahari, unamnyunyizia njia nzima mpaka Amu, na Amu kuna mtu anamngoja ampeleke Malindi au Mombasa kabla jua halijakuwa kali.

Kusi moja, miaka michache nyuma, tulisimamishwa mahali pa ukaguzi. Sitapataja, wala sitamtaja aliyetusimamisha, kwani barua hii sikuiandika kwa ajili ya mtu mmoja. Boti ilikuwa na kibali, watu wote walikuwa na vitambulisho, magunia yalifunuliwa moja baada ya jingine. Neno likawa kwenye kamba. Nikaulizwa, hawa wamevuliwa upande gani? Nikajibu, upande wetu, mwamba wa Kiunga. Nikaambiwa, thibitisha. Nithibitishe kwa karatasi gani? Tangu Kiunga hadi pale tulipokuwa hakuna ofisi niliyoipita ambayo ingeniandikia kwamba leo fulani ametoka na kamba sitini, wamevuliwa hapa. Mwamba wenyewe ni mmoja, unaanzia kwetu unaishia kwao.

Tulikaa tangu asubuhi mpaka jua likapita utosini. Kamba aliye hai ukimshika mgongoni mkia hupiga, pa pa pa, hadi vidole viume. Nilikuwa nafunua gunia kila baada ya muda, nawashika mmoja mmoja. Mwanzoni walipiga kwa nguvu. Baadaye wakawa wanakunja tu. Kisha mikia ikaanza kuning'inia kama kitambaa kilicholowa, na nikawa nawatenga kando, huku mabaharia wakiangalia baharini ili wasinitazame usoni. Walikufa ishirini na watatu. Ndipo mtu mmoja akanisogelea kwa upole, akanieleza jinsi mambo yanavyoweza kwenda haraka. Nililipa, waheshimiwa. Nakiri hapa mbele ya watu. Sikupewa risiti, na tangu siku ile huitenga pesa hiyo mapema, pamoja na ya petroli na ya barafu, kabla sijatoka nyumbani.

Hasara ya kamba ishirini na watatu nilishaimeza. Linaloninyima usingizi ni jingine. Pesa isiyo na risiti iliyopitisha kamba wangu, mtu mwingine anaweza kuitoa ikapitisha bunduki. Aliyeipokea kwangu hakuandika popote kwamba nilipita, na asiyeandika kwangu hataandika kwa mwingine. Hiyo ndiyo ngome mliyoiweka baina yetu na wanaotuua.

Na asidhani mtu kwamba Wabajuni hatuujui ubaya wa Al-Shabaab. Septemba 2011 watu wenye bunduki kutoka Somalia walifika Kiwayu, wakamuua mgeni Mwingereza na kumchukua mkewe. Oktoba mosi wakaja wengine Manda, ng'ambo tu ya mji wa Lamu, wakamteka mama Mfaransa mgonjwa, na hakurudi hai. Hoteli zilizokuwa zikinunua kamba wangu zikafunga milango. Serikali ikawalaumu Al-Shabaab, na jeshi likaingia Somalia mwezi huohuo. Kisha uvuvi wa usiku ukapigwa marufuku, na ambaye hajaishi na mvuvi hajui hilo lina maana gani: jarife hutegwa usiku. Nyumba zilizokuwa zikila milo mitatu zikashuka hadi mmoja, vijana wakauza nyavu, wengine wakaingia unga, na sizungumzii unga wa chapati. Juni 2014 Mpeketoni, watu zaidi ya 60 wakauawa kwa siku mbili. Septemba 2015 ikaja operesheni ya Linda Boni, na Waboni wakafungiwa msitu ambao asali yao na dawa zao zimo ndani yake. Januari 5, 2020 wakashambulia uwanja wa ndege wa kijeshi wa Manda Bay. Januari 2022 kijiji cha Widho. Basi la Mombasa likawa la kusindikizwa na polisi. Barabara ya kutoka Hindi kwenda Kiunga kupitia Boni imetegwa vilipuzi mara nyingi kiasi kwamba unga wa ugali wa Kiunga unakuja kwa bahari, na kusi likikaza hauji kabisa.

Sisi ndio tuliozika. Kwa hiyo ninapowaomba mpaka ufunguliwe, ujue unayesoma kwamba naomba ulinzi zaidi, si ulinzi mdogo.

Tazameni mkaa. Februari 2012 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipiga marufuku mkaa wa Somalia, kwa sababu Al-Shabaab walikuwa wakiutoza ushuru na kununua risasi. Walikuwa na watoza ushuru, walikuwa na viwango, waliandika, na stakabadhi walitoa. Nalisema hili kwa uchungu: mtu wa vichaka aliweka daftari la mzigo, sisi wenye serikali hatukuweka. Biashara ya watu wa pwani hii haijawahi kukoma kwa sababu ya tangazo. Ikikosa kulipa serikali italipa mwingine. Sukari iingiayo kwa njia za panya imenenepesha matajiri wa pande zote mbili, na anayekamatwa hubaki yuleyule kijana wa kubeba magunia.

Mtasema, mpaka na nchi yenye vita haufunguliki. Mbona anga lilifunguka? Kwa miaka mingi ndege zilizotoka Mogadishu zililazimika kutua Wajir kwanza, abiria washuke, mizigo ikaguliwe, ndipo zije Nairobi. Ilikuwa usumbufu, na wasafiri walinung'unika, lakini serikali haikusema kwa kuwa kuna Al-Shabaab basi ndege zisije. Ilitafuta mahali pa kukagulia. Miraa nayo: ilisimama kwenda Somalia Machi 2020, wakubwa wakakaa wakazungumza, na Julai 2022 ndege za Mogadishu zikajaa tena magunia ya Meru. Nawafurahia wakulima wale kwa moyo wangu wote. Ila mwenye ndege amepata Wajir yake, mwenye mashua hajapata. Hapo sioni sababu ya usalama, naona tu kwamba sauti ya Kiunga haifiki mbali.

Halafu kuna Jumuiya. Machi 4, 2024 Somalia ilikamilisha kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, ikawa mwanachama wa nane. Najua kuingia kwa karatasi si kuingia kwa forodha, na kwamba Somalia imepewa muda wa kulinganisha sheria zake na za wenzake. Hata hivyo hebu fikirini: mvuvi wa Ishakani sasa yuko Jumuiya moja na mtu wa Kinshasa, na wote wawili wako Jumuiya moja na mtu wa Ras Kamboni, ambaye moshi wa jiko lake unaonekana kutoka Ishakani asubuhi ikiwa shwari. Na huyo wa karibu ndiye pekee asiyeruhusiwa kumuuzia kilo ya samaki.

Niliwahi kufika Busia, nikiwa na akina mama wenzangu wauza samaki, tumealikwa kujionea. Kituo cha pamoja cha pale kilifunguliwa rasmi 2018, mwaka ule ule wa Namanga. Kwanza nilishangaa kelele. Baiskeli, malori, wanawake na beseni za omena na nyanya kichwani, wabadilishaji fedha, watoto wa shule. Kisha nikaona kilichonifanya nisimame. Mwanamke mmoja, mkubwa wangu kwa umri, alitua beseni lake mbele ya dirisha, akataja alichobeba na kiasi chake, afisa akaandika, akampa karatasi, akaondoka. Hakuna aliyepaza sauti. Haikuchukua muda wa kunywa kikombe cha chai. Nikamuuliza msichana wa dawati la habari, karatasi ile ni nini? Akanieleza kwamba mfanyabiashara mdogo wa Jumuiya, mzigo wake usipozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani na ukiwa umezalishwa ndani ya Jumuiya, hupewa cheti kilichorahisishwa kinachosema bidhaa imetoka wapi.

Kinachosema bidhaa imetoka wapi! Lile ndilo swali nililoulizwa mimi baharini, kamba wangu wakifa. Busia jibu lake ni karatasi ya kuandikwa dirishani. Nilitoka nje ya jengo lile nikakaa kwenye kivuli, na wenzangu wakadhani joto limenizidi.

Naujua umbali uliopo kati ya Busia na Kiunga. Uganda ina serikali moja inayoshika simu. Upande wetu, Desemba 2024, vikosi vya Jubaland, jimbo la Somalia linaloongozwa kutoka Kismayu, na vya serikali ya shirikisho ya Mogadishu vilipigana Ras Kamboni kwenyewe, na mamia ya wanajeshi wa Mogadishu wakavuka wakaingia Ishakani, wakasalimisha silaha kwa jeshi letu. Watu wa Ishakani waliwaona wakija kwa miguu. Hilo ndilo swali gumu kuliko yote, na sitaki mtu wa Nairobi adhani tumelisahau: tukiweka kituo, tutapiga mhuri pamoja na nani? Mogadishu yenye kiti katika Jumuiya, au Kismayu yenye askari kwenye mchanga? Kwa hiyo wenzetu wa upande wa pili barua hii ni yenu pia. Ugomvi wenu wa nani ateue nani msiutue kwenye meza ya ushuru ya Ras Kamboni. Kubalianeni juu ya jambo dogo tu, afisa mmoja na daftari moja, hata kama makubwa yote yatabaki kama yalivyo. Watu waliopigana wameweza mara nyingi kukubaliana kuhusu kisima, na mpaka kwetu ni kisima.

Hapa lazima niseme kuhusu ndugu, ingawa najua maofisini neno hili halina safu yake kwenye fomu.

Jubaland ilikuwa upande wa Waingereza pamoja nasi hadi 1925, walipowakabidhi Wataliano. Wabajuni hawakukabidhiwa mahali, walikuwa wamekaa tu, kutoka Pate na Ndau hadi Chula na Koyama na Kismayu, wakioana. Vita vya shifta vya miaka ya sitini vilivunja vijiji vyetu vya kaskazini, watu wakakimbilia Lamu, Malindi na Mombasa, na wengine hawakurudi tena. 1991 serikali ya Siad Barre ilipoanguka, wakaja wao kwetu, kwa mashua, watoto wakiwa wamejibana na mikeka na masufuria. Mama mkubwa wangu, dada wa mama, aliolewa Chula. Alibaki kwa mumewe. Alipofariki, habari zilitufikia kwa simu saa ya alasiri. Mama alifunga ubani na sanda kwenye kanga, akavaa buibui, akakaa ukumbini kungoja mwanawe mmoja ampeleke. Hakuna aliyethubutu. Kwa bahari ni safari ya siku moja kukiwa na upepo mzuri. Alikaa na lile furushi mapajani mpaka isha, halafu akalifungua mwenyewe, akarudisha ubani kwenye kopo lake. Hakulizungumza tena. Mama hakuwa mfanyabiashara wala mpiganaji, alitaka kumwosha dadake.

Kifungu cha 238 cha Katiba yetu ya 2010 kinasema usalama wa taifa utafutwe kwa kufuata sheria na kwa kuheshimu haki za binadamu. Sijui sheria, lakini nimesomewa kifungu hicho na nimekielewa.

Sasa niseme tunachotaka, kwa sababu tumekizungumza barazani, wanaume kwa wanawake, na si ndoto za mtu mmoja.

Anzeni kidogo. Hatuombi jengo kama la Busia. Tunaomba mahali pamoja pa kushukia pale Kiunga, banda, mizani, meza, na watu wanne: wa ushuru, wa uhamiaji, wa samaki, na wa polisi, na angalau mmoja wao awe mwanamke, kwa kuwa wanawake wa kwetu hawapekuliwi na mwanamume wakatulia. Kazi iwe mchana, siku mbili kwa wiki. Boti zinazoruhusiwa ziwe zilizosajiliwa na BMU, yaani kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufukwe, namba imepakwa rangi ubavuni, na BMU ya Kiunga ipewe neno rasmi katika kusema nani ni nani, maana hakuna mtambo mtakaouleta utakaomjua mgeni kuliko mzee aliyekaa ufukweni miaka sitini. Mzee huyo akiona nahodha anashika mwambao kwa namna isiyo yetu, anajua. Leo hasemi, kwa kuwa akisema ataulizwa yeye alikuwa anafanya nini huko, na kijana wake atachukuliwa ahojiwe. Mpeni sababu ya kusema.

Bidhaa za mwanzo ziwe zile ambazo hakuna atakayepigana kwa ajili yake. Samaki, kamba, pweza mkavu, mikeka, nazi, mchele, tambi, unga, mafuta ya kupikia. Sukari na mkaa viacheni nje kwa sasa, wakubwa wa hiyo biashara tunawajua nguvu yao na hatutaki kituo chetu kiwe chao kabla hakijasimama. Malipo yote yawe kwa simu, risiti ije papo hapo, asishike mtu noti. Hili peke yake lingebadilisha zaidi ya boti kumi za doria. Na mpaka wa bahari uliochorwa na Mahakama ya Haki ya Kimataifa Oktoba 2021, ambao Kenya haikuukubali, ni wenu kuuzungumza. Sisi mtuonyeshe tu mvuvi mdogo aishie wapi ili asishikwe na upande wowote.

Ikiwa mtalazimika kufunga, fungeni. Pakitokea shambulio, fungeni siku hiyohiyo, na hakuna wa Kiunga atakayewalaumu. Ila tuambieni mmefunga kwa sababu gani, kwa siku ngapi, na nini kikitimia mtafungua. Mashua hutweka kwa kujua upepo. Tangu 2011 tumekuwa watu wa kungoja bila kujua tunangoja nini, na kijana wa miaka kumi na minne hajawahi kuuona mpaka huu ukiwa wazi hata siku moja. Huyo ndiye anayefuatwa na wale watu kwa simu za mkononi, akiahidiwa mshahara.

Bandari yetu mpya ilizinduliwa 2012 na marais wawili na waziri mkuu, Kibaki, Salva Kiir na Meles, na gati la kwanza likaanza kazi Mei 2021. Twaambiwa ni ya Ethiopia na Sudan Kusini, nchi ambazo kutoka hapa hatuwezi kuona hata mlima wake. Heri na iwe hivyo, tuna vijana wanaotafuta kazi pale. Lakini mji wenye bandari ya kimataifa upande mmoja na mpaka usio na meza upande wa pili una jambo ambalo halijakaa sawa, na Gavana wetu nadhani analiona kila akipita kwa boti.

Tangu niliporudi kutoka Busia nimenunua kaunta buku. Kila nikitoka Kiunga naandika: tarehe, jina la boti, saa ya kutoka, kamba wangapi, pweza kilo ngapi, wamevuliwa mwamba gani na nani. Ni bidhaa zangu tu, sikumwandika mtu mwingine bila ridhaa yake. Wazamiaji sita wamekubali kutia dole gumba. Wa kwanza aliniuliza, bibi, na hili nani atalisoma? Nikamwambia, litasomwa. Kuna safu moja nimeiacha tupu katika kila ukurasa, ya mhuri.

Njooni mlione. Njooni baina ya Desemba na Machi, wakati wa kaskazi, bahari ya Kiunga ikiwa inapitika na boti ndogo inafika bila kuingiza maji. Msije kwa helikopta mkarudi jioni. Laleni, msubiri wazamiaji warudi, mshike kamba kwa mikono yenu. Nitakuwa ufukweni, na kaunta buku nitakuwa nalo.

Ni mimi mchuuzi wa kamba, mzaliwa wa Kiunga, mkazi wa Langoni, Lamu.